Nimeandika maisha yote ya Mtakatifu Bakhita, na waigizaji wanapiga miayo

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, na jioni naimba kwaya parokiani. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika mchezo wa kuigiza juu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, uchezwe siku ya kumbukumbu yake, tarehe 8 Februari. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu nampenda mtakatifu huyu tangu nilipokuwa mafundisho ya Komunyo. Mtoto aliibwa, akauzwa na kuuzwa tena, mwisho akawa sista na mtakatifu. Nikaona mambo yapo tayari, kazi yangu ni kuyapanga tu.

Daftari limejaa. Nimeanzia kijijini kwao Darfur, Sudan, nikamalizia Roma mwaka 2000, Papa Yohane Paulo II anapomtangaza mtakatifu. Siku tuliyokaa kusoma pamoja, mwanzoni watu walitulia kabisa. Tulipoingia kwenye nyumba ya masista, wakaanza kuchungulia simu. Ukurasa baada ya ukurasa anasali, anapika, anashona, anafungua mlango, anatabasamu. Hata mimi Mama, nilikuwa nasoma haraka haraka ili ziishe.

Tangu hapo kila mtu ana lake. Mwenyekiti wa kamati anataka viboko na chale vitolewe vyote, kwa sababu watoto watakuwepo, na kwa sababu, kama anavyosema, mtakatifu hapigwi mbele za watu kama mwizi. Vijana wanataka kinyume chake: viboko visivyokwisha, damu ya nyanya za kopo, na Bakhita afungwe kwenye ule mbuyu wa misheni ili watu wa Bagamoyo waguswe. Kwa ajili ya wauza watumwa wameshaazima kanzu na kofia. Sasa kijana atakayetupigia ngoma ni Mwislamu, jirani yangu, tumekua pamoja. Mama yake aliniita barazani akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hao wauza watu mtawavika nini?" Nikakosa la kumwambia.

Linaloninyima usingizi zaidi ni lile neno lake maarufu, kwamba angekutana na waliomteka, angepiga magoti awabusu mikono, kwa kuwa bila wao asingekuwa Mkristo wala mtawa. Nimeliweka mwisho, kisha kwaya inaimba. Mama mmoja mzee wa kwaya, ambaye wazee wake walilelewa katika kijiji cha watumwa waliokombolewa pale misheni, alisimama akasema, "Hapo mtaimba wenyewe." Akakaa. Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Halafu kuna jina. Mama yake Bakhita hana budi kumwita mwanawe, na jina alilopewa kwao silipati popote, nikamtungia. Je, inafaa? Nitoe nini, nibakize nini? Sitaki kumwaibisha mtakatifu wangu, na sitaki kuugawa mtaa wangu.

Wako,
Mwalimu wa Bagamoyo

*

Marahaba mwanangu.

Waigizaji wako usiwalaumu. Jukwaani watu hukaa wakamtazama mtu anayelitaka jambo na anazuiwa. Ndiyo maana mwanzo wa daftari lako uliwashika: mtoto anataka kurudi kwa mama yake, na watu wazima wanamzuia. Ukishamwingiza kwa masista hakuna tena anayemzuia lolote, na wewe hukumpa la kutaka. Sala haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni gharama yake.

Kwa hiyo acha kuandika maisha yake. Andika siku aliyokataa.

Katika barua yako yote hukuitaja siku hiyo, nami naiona kubwa kuliko zote alizoishi: tarehe 29 Novemba 1889, Venice. Yaliyotangulia unayajua, nitayapitia upesi. Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia. Mwaka 1885 Legnani alipokimbia Sudan, Bakhita aliomba afuatane naye. Walipofika Italia akapewa familia ya rafiki yake, Augusto Michieli, akawa yaya wa mtoto wao wa kike, Mimmina. Michieli alikuwa na hoteli Suakin, kwenye Bahari ya Shamu. Mkewe, Turina, alipomfuata mumewe huko, aliwaacha Mimmina na Bakhita kwa masista wa Canossa, Venice, na hapo ndipo Bakhita alipoanza kufundishwa dini. Baada ya kama mwaka mmoja Turina akarudi kuwachukua wote wawili. Bakhita akasema hatoki.

Litazame hilo kwa makini, mwanangu. Ni mwanamke wa miaka kama ishirini, na tangu utotoni hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini. Akiambiwa inuka, anainuka. Akiambiwa twende, anakwenda. Tena huyu aliyekuja kumchukua si mtu wa viboko. Ni mama aliyekaa naye nyumbani kwake, na Bakhita mwenyewe alikiri kwamba anampenda na kwamba kuachana na Mimmina kunamuuma. Yeye ndiye aliyemlea mtoto huyo. Akikataa kutoka, anampoteza. Akitoka, anaona atampoteza Mungu aliyeanza kumjua, na hata ubatizo bado hajaupata.

Yule mama akasihi, akakasirika, akadai mali yake. Shauri likafika kwa Patriaki wa Venice, Kardinali Domenico Agostini, na kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, basi Bakhita ni mtu huru, aende atakako. Akabaki. Mimmina akaondoka na mama yake huku analia. Tarehe 9 Januari 1890 Bakhita akabatizwa kwa mkono wa Kardinali huyo huyo.

Mchezo wako ni huo. Waweke wote katika chumba kimoja chenye mlango mmoja: Bakhita, Turina, Mimmina, sista mkuu, Kardinali, na yule mwanasheria. Mtazamaji asijue mlango utafunguliwa kwa ajili ya nani. Na Turina usimfanye shetani. Mtafutie mwigizaji bora uliye naye, kisha mwambie aamini kwa moyo wote kwamba anadhulumiwa. Amkumbushe Bakhita nguo alizomnunulia, safari, chakula cha meza moja kama kilikuwepo, mtoto aliyemwamini mikononi mwake. Wamama watakaokaa viti vya mbele wanaoishi na wasichana wa kazi majumbani watamsikiliza Turina wakijisikia wao, na hiyo itawafikia kuliko mjeledi wowote.

Mateso ya nyuma yaingie kupitia chumba hicho. Swali likiulizwa, kumbukumbu inakuja. Ikishajibu swali, inaondoka. Mwanasheria anauliza, "Ulipatikana wapi?" Basi tunaiona njia kutoka kijijini hadi mji wa El Obeid, mtoto wa miaka saba au minane anatembea peku mamia ya kilomita. Turina anasema, "Kwangu hujawahi kupigwa." Basi tunaiona nyumba ya afisa wa Kituruki.

Hapo mwenyekiti wako na vijana wako wote nawapinga. Mwenyekiti akitoa chale, anamtoa Bakhita. Mwanamke ambaye hakuumizwa hana cha kusamehe, na lile neno lake la mwisho linabaki maneno matupu. Vijana nao wakimwaga nyanya za kopo, watu watacheka. Hadhira yetu imelelewa na vichekesho, ikiona damu ya kopo inajua kinachofuata ni mzaha, na hutaweza kuirudisha.

Fanya hivi. Tukio lenyewe lilifanyika kwa vitu vitatu vya nyumbani: unga wa kuchorea mistari mwilini, wembe wa kuifuata mistari, chumvi ya kusugua vidonda ili alama zisifutike. Viweke vitatu hivyo juu ya mkeka, katikati ya jukwaa. Bakhita asimame mbali navyo, amevaa nguo zake zote. Mwanamke mmoja achukue kimoja kimoja, aeleze kazi yake kwa sauti ya mtu anayeeleza mapishi. Aachie hapo. Mtoto wa darasa la pili atasikia kiasi chake na mtu mzima atasikia kiasi chake. Na ninakusihi, binti atakayecheza Bakhita mdogo asiguswe wala asivuliwe nguo, hata katika mazoezi, hata kwa utani.

Sasa kanzu. Yule mama wa barazani amekuuliza swali zuri, naye anastahili jibu la historia, asipewe la adabu tu. Hesabu waliommiliki Bakhita. Wamo watekaji, yumo tajiri wa El Obeid, yumo afisa wa jeshi la Kituruki, yumo balozi wa Italia aliyemlipia fedha, imo familia ya Michieli. Mtu wa mwisho kusimama mbele ya watu na kudai kwamba Bakhita ni wake alikuwa mama Mkristo, ndani ya Venice, mji uliojaa makanisa. Ukiandika siku ya kukataa, ukweli huo unakaa katikati ya jukwaa wenyewe, huna haja ya kumhubiria mtu.

Kanzu zirudishwe kwa wenyewe. Watekaji wavae kama waigizaji wengine wote, na kinachowatambulisha kiwe kamba mkononi. Kamba hiyo hiyo baadaye ikae mezani mbele ya Turina bila yeye kuishika. Halafu mwalike mama jirani kwenye mazoezi, mapema, wakati bado unaweza kubadili kitu. Bagamoyo wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na tangu hapo kengele na adhana zimesikika katika mji mmoja. Mchezo mmoja wa parokia usije ukaharibu hayo.

Mbuyu, hapana. Bakhita hakupita Bagamoyo. Njia yake ilikuwa Darfur, El Obeid, Khartoum, Suakin, kisha bahari hadi Genoa. Misafara iliyoteremkia kwetu ilitoka Ujiji na Tabora, na ilikuwa na watu wake na machozi yake, ambayo hayahitaji kuazimwa jina la mtu wa Sudan ili yaheshimiwe. Tena ule mnyororo uliomezwa na mbuyu wa misheni, ambao naamini ndio uliowapa vijana wazo hilo, masimulizi ya pale pale yanasema ulikuwa wa kufungia punda wa mama mmoja aliyeitwa Madame Chevalier. Mkimfunga mtakatifu kwenye kamba ya punda, wazee wa mji watawacheka kimoyomoyo na hawatawaambia.

Lakini Bagamoyo inaweza kuwemo kwa haki. Bakhita alizaliwa karibu mwaka 1869. Miaka hiyo hiyo misheni yenu ilikuwa inawakomboa watumwa, watoto wengi miongoni mwao, na kuwajengea kijiji. Yaani alipokuwa anaburutwa kwenda El Obeid, hapo mlipo walikuwepo watoto wa rika lake waliotoka katika balaa la namna hiyo hiyo. Basi wasimulizi wako wawe watu wa Bagamoyo. Waanze kwa "Paukwa!", hadhira ijibu "Pakawa!", kisha waseme wazi: tunamsimulia mwenzetu wa mbali, hakufika kwetu, lakini tunamjua. Hilo litawagusa watu, na hakuna uongo ndani yake.

Jina ulilomtungia, lifute. Alilisahau jina lake la kuzaliwa kwa hofu ya siku alizotekwa, na Bakhita ni jina alilopewa na watekaji. Ukimpa jina la kubuni unamrudishia kwa kalamu kitu ambacho maisha hayakumrudishia, na watazamaji hawatajua kamwe kwamba alikipoteza. Mpe kazi hiyo mpiga ngoma. Kila mara mama anapofungua kinywa kumwita mwanawe, ngoma ilie pigo moja zito, liifunike sauti. Tunaona midomo inasogea, jina hatulisikii. Mara ya kwanza watu watadhani ni bahati mbaya. Mara ya tatu wataelewa. Baadaye, pale chumbani Venice, mwanasheria akimuuliza Bakhita, "Jina lako la kwenu nani?", ngoma isilie. Pawe kimya tu. Jirani yako, ambaye mama yake alikuwa na wasiwasi, ndiye atakayekuwa ameshika moyo wa mchezo mzima.

Nimeliacha la mama mzee wa kwaya mpaka sasa kwa sababu ndilo zito. Nakuomba usimwone kama kikwazo. Yeye peke yake ndiye aliyelisikia neno lile kama linavyostahili kusikiwa. Wengine wote walilisikia kama maneno ya kwenye kadi.

Bakhita alilisema alipoulizwa na kijana mmoja angefanya nini akikutana na watekaji wake. Hakuwaagiza wengine waseme hivyo. Ukiliweka mwisho na kwaya ikalipokea kwa vigelegele, unaligeuza amri: ninyi nyote mliotokana na watumwa, busuni mikono. Hakuna mwenye haki ya kuwaamuru hivyo, hata kamati ya sherehe. Msamaha ni wa yule aliyeumizwa, autoe yeye au asiutoe.

Kwa hiyo lihamishe, na lisikae peke yake. Kuna jambo jingine lililosimuliwa juu yake ambalo sijaona katika barua yako. Siku za mwisho, kule Schio, mji wa Italia, mwaka 1947, homa ilipompanda, alirudi katika utumwa akilini, akawa anamsihi muuguzi amlegezee minyororo kwa sababu ni mizito. Hata baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kuwa huru, na baada ya kusamehe kote kule, mwili wake ulikuwa bado unaikumbuka. Ningekuwa wewe, ningefungulia mchezo hapo: kitanda, sista mzee, muuguzi, na ombi hilo la minyororo. Wasimulizi waingie kutafuta huo mnyororo uko wapi, na kutafuta huko kutupeleke Venice.

Kisha, kabla ya uamuzi wa Kardinali, mmoja wa wasimulizi wa Bagamoyo amuulize Bakhita swali la yule kijana. Ajibu kama alivyojibu. Na msimulizi mwingine, mwanamke mtu mzima, aseme waziwazi, "Mimi siwezi." Bakhita asimjibu. Asimkemee, asimkumbatie. Wabaki wamesimama wote wawili, kesi iendelee. Sehemu hiyo mpe yule mama wa kwaya. Nenda nyumbani kwake, ukae chini, umwombe kama mtoto anavyomwomba mzazi, na maneno ayachague mwenyewe. Akikataa, heshima yake ibaki pale pale, na nafasi hiyo aipate mwingine ambaye naye anayaamini.

Ile miaka ya Schio inakutosha kwa sentensi chache. Alihamia huko mwaka 1902, akapika, akatarizi, akatunza vyombo vya kanisa, akawa sista wa mlangoni, na watoto wa mji wakampenda. Hayo ya mlangoni yaseme mara tu baada ya kukataa kutoka, wakati mlango bado uko mbele ya macho ya watu, na hutahitaji maelezo. Kutangazwa mwenyeheri tarehe 17 Mei 1992 na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, mwachie mshereheshaji ayasome kwenye kipaza sauti kabla hamjaanza. Hayo ni ya Kanisa kumheshimu, yeye hakuyaona.

Mchezo usizidi dakika hamsini. Mtacheza jioni, upepo wa bahari unavuma, kwa hiyo sentensi ziwe fupi za kusemwa kwa pumzi moja, Kiswahili cha nyumbani, asiwepo mtu anayeongea kama anasoma waraka. Kwa mambo ya taa na mahali pa kusimama, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iko hapo hapo mjini kwenu, na wanafunzi wake wengi hufurahi kuombwa.

Kabla hujaandika ukurasa mpya, wachukue wanawake wawili, mmoja Turina na mmoja Bakhita, wasimame mlangoni mwa darasa lako, mmoja avute na mmoja abaki. Waongee ya vichwani mwao, wewe kaa uandike. Paroko umwoneshe tukio hilo moja kwanza, na mwenyekiti awepo, ili waamue juu ya kitu walichokiona na siyo juu ya hofu zao.